Taji Kwenye Ngozi ya Efendi

Askari polisi aliyegonga mlango wetu huku ughaibuni, hapa Mount Druitt, alikuwa na bastola kiunoni, na mimi, badala ya kumtazama usoni kama mtu mwenye adabu zake, nikawa natazama mfuko wa ile bastola. Alikuja na wanajeshi wawili vijana, wote wana barakoa, wakasimama mbali pale kwenye njia ya gari. Mwenzangu wa kazini alikuwa amekutwa na korona, kwa hiyo sisi tuliokuwa naye shifti moja tulifungiwa ndani wiki mbili, na hawa walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba kuhakikisha hatujatoroka. Kutoroka twende wapi, sijui. Waliuliza jina langu, wakauliza nani mwingine yumo ndani, nikamwita binti yangu Kalunde aje aonekane. Akaja na simu mkononi, akajibu maswali yote kwa Kiingereza chake cha hapa, na mimi macho yangu yamebaki kwenye kiuno cha mtu. Ule mfuko ulikuwa mweusi, wa kitu kama plastiki ngumu. Niliutafuta alama, sikuona hata moja. Wala haukuwa na harufu, au labda barakoa yangu iliizuia.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tumemzika baba. Nasema tumemzika, lakini waliomzika ni wao, kule kwetu kusini mwa Tabora. Mimi nilitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Mipaka ilikuwa imefungwa, kutoka kwa ruhusa na kurudi kwa ruhusa, na hata ningepewa ruhusa nilikuwa karantini. Picha ilikuwa inakatikakatika. Niliona miguu ya watu, nikaona udongo mwekundu, nikamsikia mtoto wa Baba Mkubwa akisoma wasifu wa marehemu: Maganga, mkulima, baba wa watoto watano, mjukuu wa Efendi, askari shujaa wa enzi za Mjerumani. Watu wakaguna kukubali. Sisi tuliokuwa mbali tulikuwa tumeombwa tuzime sauti zetu, na yangu ilikuwa imezimwa.

Sikuhisi kitu. Watu wakinipigia simu kunipa pole huniuliza kama nimelia, nami huwaambia nimelia sana, maana ni rahisi kuliko kueleza. Kazi yangu ni kulea wazee, na mwaka ule nilikuwa nimeshawafumba macho wazee ambao watoto wao walikuwa wamesimama nje ya dirisha. Wenzangu walidhani ganzi niliyokuwa nayo ni ya kazi. Siyo ya kazi. Ganzi hii naijua, nilikutana nayo nikiwa mtoto ambaye bado anang'oka meno, na iliingia kwa mlango wa mfuko wa bastola.

Nyumbani kwetu paliitwa kwa Efendi. Ukiuliza kwa Maganga wangekuuliza Maganga yupi, lakini ukisema kwa Efendi, hata mtoto mchunga mbuzi angekuelekeza. Efendi alikuwa babu yake baba. Naye alikuwa Maganga, na baba alipewa jina lake. Tuliambiwa alikuwa askari wa Mjerumani, na siyo askari wa kubeba bunduki tu, bali alipanda mpaka kufikia cheo cha efendi, ambacho mtu mweusi hakuweza kukivuka. Ushahidi wake ulikuwa ile ala ya bastola, mfuko wa ngozi nene ya rangi ya kahawa, wenye mfuniko mkubwa wa kukunja na kijumba kirefu ubavuni. Bastola yenyewe haikuwapo. Wengine walisema alizikwa nayo, wengine walisema aliisalimisha kwa Mwingereza, na Baba Mkubwa, yaani kaka yake baba, kila akilewa alisema yeye anajua ilipo. Baba akisikia hayo alikuwa ananyamaza. Kwa kuwa jina alirithi yeye, na ngozi ilikaa kwake, ikining'inia msumarini juu ya kitanda chao. Ilishushwa kwenye arusi na kwenye tambiko tu, na hapo Baba Mkubwa ndiye aliyeivaa kiunoni kwa sababu ya ukubwa wake, akatembea nayo kifua mbele.

Kuipaka mafuta ilikuwa kazi yangu. Mama aliyeyusha mafuta ya ng'ombe kwenye kifuniko cha sufuria, akanipa kitambaa, nami nikakaa mkekani na kusugua mpaka ngozi inywe. Ilikuwa na harufu nzito ya mafuta, moshi na kitu kingine cha zamani kama ndani ya ghala, na harufu hiyo ilibaki vidoleni hata ukila ugali unaisikia. Alama zake nilizijua kwa kidole gumba kuliko kwa macho. Ndani ya mfuniko palikuwa na taji lililogongwa ngozini. Chini ya taji kulikuwa na herufi za Kijerumani zilizokaa mduara, zisizosomeka na yeyote kwetu, na chini kabisa namba kumi na nne. Baba Mkubwa alikuwa anatushika vidole na kuviweka pale. Alisema hilo ni taji la Kaiza, na Kaiza mwenyewe alimgongea Efendi muhuri huo kwa mkono wake kwa sababu ya ushujaa. Sikubishana naye. Ila mimi nilikuwa na maoni yangu.

Kwetu ng'ombe hutembea na alama ya mwenyewe. Jirani yetu, Mzee Kasele, ndiye aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko watu wote wa upande ule, na chapa yake ilikuwa mstari uliolala na meno matatu yamesimama juu yake, pajani upande wa kulia. Nilishuhudia mara nyingi wakichomwa ile chapa. Ng'ombe akiangushwa chini, chuma kikitoka motoni chekundu, moshi unapanda na ng'ombe anatoa mlio ambao huwezi kuuzoea. Sasa niambie, mtoto wa mkulima taji angelionea wapi? Mfalme gani alipita kwetu? Mstari uliolala na meno matatu yamesimama nilikuwa naupita kila siku nikienda kisimani. Kwa hiyo kwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: ngozi ya Efendi ilitoka kwenye paja la ng'ombe wa Mzee Kasele. Sikumwambia mtu. Kwanza halikunisumbua, nilidhani labda walipeana, kama watu wanavyopeana.

Miaka hiyo vita vya mpakani na nchi jirani vilikuwa vimekwisha na askari wamerudi, na silaha nyingine zilikuwa zimepotelea vijijini, hivyo serikali ikatangaza kwamba kila mwenye bunduki aisalimishe. Wakati huohuo wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi, na sungusungu wakawa wanalinda kijiji kwa filimbi na mishale. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo, na kwetu filimbi ikilia kila mwanamume alitoka. Mwizi akithibitika, adhabu haikuwa kipigo pekee. Alitengwa. Mimi niliiona familia moja iliyotengwa, na binti yao alikuwa anakaa dawati moja na mimi. Hakuna aliyewasalimu. Hakuna aliyewapa kaa la moto wakizimikiwa. Kisimani mama yao alisubiri mpaka watu wote wachote waondoke. Yule binti akawa anakuja shuleni, anakaa, anaondoka, na hakuna aliyejua sauti yake inafananaje tena. Baadaye walihama, na sijui walikwenda wapi.

Basi ikawa arusi ya binamu yetu, na Baba Mkubwa akavaa ngozi yake. Akanywa. Mmoja wa wageni alikuwa polisi, na Baba Mkubwa hakulijua hilo, au alilijua pombe ikalisahau. Akajipigapiga kiunoni mbele za watu na kusema mfuko ndio huu, mwenyewe amelala, siku akiamka mtamsikia. Watu wakacheka. Baada ya siku chache gari la polisi likaja nyumbani kwetu, siyo kwa Baba Mkubwa, kwa sababu aliyeiweka ngozi ni baba. Waliichukua msumarini, wakamchukua na yeye. Alikuwa anapalilia tumbaku, akaondoka na udongo miguuni. Nilimuuliza mama kwa nini wamemchukua, naye alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine analia, akanijibu kwa mkato kwamba ni kwa sababu ya ile ngozi.

Hapo nikaelewa yote, yaani nikaelewa vibaya kwa ukamilifu. Ngozi ya ng'ombe wa watu imekutwa kwetu. Sisi ni wezi. Kilichobaki ni kutengwa, na mimi, ili kisinikute ghafla, nikaanza kututenga mwenyewe. Nilikuwa naamka kabla ya wote kuchochea moto ili usizimike tukalazimika kuomba kaa. Kisimani nikawa napita njia ya nyuma, ndefu na yenye miiba, nisipite mbele ya Mzee Kasele. Nikifika nasubiri nyuma ya kichaka mpaka wengine waondoke. Mke wa Mzee Kasele aliniona mara moja akaniita, mwanangu njoo, mama yako anaendeleaje, nami nikakimbia ndoo ikimwagika. Shuleni niliacha kuongea kabla hawajaacha kuongea na mimi. Ndipo nilipogundua kwamba ukikaa kimya sana na kutazama kitu kimoja, tuseme ukuta, kuna sehemu ndani yako inalala, na haiumi tena. Ilinifaa sana. Mpaka leo inanifaa.

Hapa Mount Druitt, hizo wiki mbili za kufungiwa, jirani yetu, mama mmoja Mkongomani, alikuwa anatuletea chakula. Anakiweka mlangoni, anarudi mpaka barabarani, halafu anapaza sauti kwa Kiswahili chake, Mama Kalunde, nimeweka sombe hapo, mukule yote. Kalunde akacheka na kumpungia mkono dirishani. Mimi niliichukua ile sufuria ya kisamvu ikiwa bado moto, nikasimama nayo, nikijua kabisa kwamba mtu mwingine mahali pangu angelia. Nikala. Ilikuwa nzuri.

Mambo ya kweli, yale waliyokuwa wanayajua wakubwa, nilikuja kuyapata kwa mama nilipokuwa mtu mzima, na mengine niliyaona mwenyewe bila kuyaelewa. Mkuu wa kituo alikuwa Mgogo, mtani wetu, na alianza kwa utani. Alimwambia baba kwamba Wanyamwezi ni wapagazi tangu enzi na enzi, lini wakajua bastola? Baba akacheka kidogo, ndivyo utani ulivyo. Lakini sheria haina utani. Kila ala ina bastola yake, mkuu akasema, na hii imeandikwa namba kumi na nne, kwa hiyo kuna bastola namba kumi na nne imefichwa mahali. Ilete uende nyumbani. Usipoileta, wiki ijayo nakupeleka mkoani, na huko kesi ya silaha ni miaka.

Mama akaenda kwa Baba Mkubwa na kumwambia, shemeji, wewe husema unajua ilipo, sema basi. Baba Mkubwa akakiri kwamba yalikuwa maneno ya pombe. Basi nenda kituoni ukawaambie hakuna bastola wala haikuwapo, mama akamwambia. Hapo Baba Mkubwa akakataa katakata.

"Efendi asiye na bastola ni efendi gani?" alimjibu. "Maganga atavumilia. Jina haliuzwi dukani, shemeji."

Mama akajifunga kanga na kwenda misheni. Kulikuwa na padri mzee, Mjerumani, ambaye watu walimpelekea saa zao zilizokufa azitengeneze, na mama aliona kwamba kama kuna mtu wa kusoma zile herufi ni yeye. Mama aliamini kwamba herufi zikisomwa zitasema ukweli wowote ulivyo, na ukweli hauwezi kuwa mbaya kuliko miaka ya jela. Baba Mkubwa alipopata habari alifurahi pia. Aliamini herufi zitamsifu Efendi, na polisi watapiga saluti. Siku ya kwenda kituoni alivaa shati jeupe.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu kulikuwa na sufuria ya ugali ya kubeba. Kituo kilikuwa nyumba ndogo ya bati na baraza la saruji mbele yake, na pale barazani walitoa meza. Baba akaletwa. Hakuwa na mkanda, suruali ameishikilia kwa mkono, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Alinitazama nami nikatazama ukuta. Nilikuwa nangoja tu Mzee Kasele atokeze kudai ng'ombe wake.

Padri alikuja na pikipiki yake, akasalimia watu wote mmoja mmoja, akatoa kile kioo chake kidogo cha kutazamia matumbo ya saa, akakibana jichoni. Aliigeuza ngozi, akainusa, akafunua mfuniko, akaingiza kidole kwenye kile kijumba cha ubavuni na kusema hapa ndipo risasi za akiba zilipokaa. Alikaa nayo muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake, kwa hiyo hata mimi nililipata.

Alisema ngozi ya serikali ya kule kwao unaijua kwa mihuri. Mkaguzi aligonga herufi moja ndogo na taji dogo juu yake, maana yake nimeitazama ngozi, ni nzima. Kiwanda kiligonga mwaka. Kisha kikosi kiligonga herufi zake na namba ya silaha, na bastola yenyewe ikagongwa alama hizohizo kwenye mpini, ili mfuko na bastola vikipotezana viweze kukutana tena. Akageuza ngozi kuelekea kwa mkuu wa kituo. Hapa, akasema, hakuna mkaguzi, hakuna mwaka, hakuna kikosi.

"Na taji hili je?" Baba Mkubwa akauliza. "Siyo la Kaiza?"

"Hili ni la duka," padri akasema. "Duka lililowauzia vitu watu wa jumba la mfalme liliruhusiwa kuweka taji katika chapa yake. Herufi hizi ni jina la mwenye duka na mji wake. Na hii kumi na nne ni namba ya nyumba, katika mtaa lilimokuwa duka."

Mkuu wa kituo akauliza tena, namba ya nyumba? Padri akasema naam, namba ya nyumba. Mfuko huu aliununua mzungu, ofisa, kwa fedha yake mwenyewe kabla hajapanda meli. Askari mweusi asingepewa huu na serikali, wala efendi.

Mkuu wa kituo alivua kofia akaiweka mezani, akamwambia baba kwa upole kwamba sasa mambo yako mawili. Kama babu yako alikuwa efendi kweli, basi huyu mzungu alimpa mfuko na bastola yake pamoja, nami bado naidai. Kama hakuwa efendi, niambie alikuwa nani, aliupataje, halafu nenda kwako ukalime. Baba Mkubwa akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha kumwambia mtu kitu. Mama alikuwa ameshika ncha ya kanga mdomoni. Baba aliitazama ile ngozi, halafu akatazama saruji.

"Alikuwa boi," akasema. "Alimbebea huyo mzungu beseni la kuogea. Waingereza na Wabelgiji walipokaribia, mzungu akaondoka na bastola mkononi, mfuko ukabaki kwenye mizigo. Babu akaubeba kwa sababu alikuwa amezoea kubeba. Alinieleza mwenyewe, mimi peke yangu, kwa kuwa nina jina lake. Cheo cha efendi tulimpa sisi."

Mimi nikacheka.

Sikujizuia, kicheko kilitoka kwa sauti, kicheko cha mtoto aliyeshushiwa mzigo. Duka! Ng'ombe hakuwa wa Mzee Kasele, alikuwa ng'ombe wa Ulaya, ameuzwa dukani kwa halali na mzungu akanunua. Sisi siyo wezi. Hakuna atakayetutenga. Nilimtazama baba kwa mara ya kwanza tangu wamchukue, ili tufurahi pamoja, na nikaona uso ambao sikuuelewa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha. Mama akanifinya begani. Mkuu wa kituo, mtani wetu, ambaye alikuwa amepewa mpagazi wa kumtania mwaka mzima, hakusema neno. Mtani wako akishindwa kukutania, jua umeumizwa.

Wakamwachia siku hiyohiyo. Walimrudishia mkanda, wakamrudishia na ngozi, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli ya mama. Padri alimshika mkono akataka kumwambia jambo, akaliacha, akawasha pikipiki. Baba Mkubwa hakumpa baba mkono. Alimwambia, umetuuza, akaondoka kwa miguu na shati lake jeupe, akapita njia ya mkato ili asitembee na sisi. Hawakusemezana vizuri tena maisha yao yote, na watoto wa Baba Mkubwa wamekua wakijua Efendi alikuwa efendi.

Sisi tulitembea polepole kwa sababu ya miguu ya baba. Nilikaa nyuma ya baiskeli, yeye akisukuma, mama akifuata na mtoto mgongoni. Tulikwenda mwendo mrefu. Kisha baba, bila kugeuka, akaniuliza nilicheka nini pale kituoni. Hakuuliza kwa hasira. Nikamwambia nilikuwa najua ngozi imetoka kwa ng'ombe wa Mzee Kasele, kwa sababu ya ile chapa, na kwamba yeye alikamatwa kwa wizi, na kwamba tutatengwa. Nikamweleza habari za moto na za njia ya miiba. Nilikuwa najivunia kidogo jinsi nilivyoufanya moto usizimike.

Baba alisimama. Baiskeli ilisimama, mama akasimama nyuma yetu.

"Tangu siku ile?" akaniuliza.

"Tangu siku ile."

"Na ukanyamaza peke yako."

Nikasema ndiyo. Alibaki ameshika usukani, shingo yake ikinielekea mimi, na niliona jasho likishuka kwenye udongo wa siku nyingi. Sasa mimi mwenyewe ni mzazi, nina mtoto anayenijibu kwa lugha nyingine na kunitazama akidhani anajua kwa nini mama yake halii, na nadhani najua baba alikuwa anafikiri nini. Siku ile sikujua. Akasukuma tena baiskeli.

Kwa Mzee Kasele pako kando ya barabara, huwezi kupita usionekane. Alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Habari za kituoni zilikuwa hazijafika, na baba angeweza kupunga mkono akapita, mengine yakaja yenyewe na upepo. Mzee Kasele akatuona, akainuka, akatuita kwa jina tuliloitwa siku zote: karibuni, watu wa kwa Efendi, poleni kwa matatizo. Baba aliegemeza baiskeli kwenye boma la ng'ombe. Akaniteremsha, akanishika mkono, akanisogeza mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Maganga."

"Mzee, hapakuwa na Efendi," baba akasema. "Babu yangu alikuwa boi wa mzungu, alibeba beseni. Nataka ulisikie kwangu. Na huyu mtoto alisikie likisemwa na mtu ambaye hakulazimishwa."

Mzee Kasele alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama miguu ya baba. Akasema haya. Halafu akamwita mkewe alete maziwa, kuna watu wametoka mbali.

Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi, na mtoto mgongoni, akalia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilisimama nikimwangalia baba akipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka akakimaliza, akafuta mdomo. Kisha akakinyoosha kile kibuyu kwa mke wa Mzee Kasele na kuomba aongezewe. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona baba akiomba kitu kwa mtu.